Sweta la Chiriku

Sogea karibu. Jifunike vizuri. Hadithi hii ina baridi.

Huyu ni Lugano. Anaishi juu, juu kabisa, kwenye milima ya Rungwe. Huko baridi inaingia bila kupiga hodi.

Huko kila mtu anavaa sweta. Baba ana sweta. Mama ana sweta. Lugano anavaa masweta mawili, moja juu ya jingine.

Hata chupa ya chai ina sweta! Mama aliifumia sweta jekundu, ili chai isipoe.

Na huyu je? Huyu ni Chiriku, pikipiki ya Baba. Anaitwa Chiriku kwa sababu akiamka hanyamazi.

*Tiri-tiri-tiri! Twende, Chiriku, twende!*
*Panda mlima, shuka mlima, twende!*

Jioni moja Lugano alimwona Chiriku amesimama uani. Umande ulikuwa umemlowesha kuanzia taa ya mbele mpaka taa ya nyuma.

"Maskini Chiriku," akasema Lugano. "Wewe peke yako huna sweta!"

Lugano anajua kufuma. Hafumi haraka, na nyuzi zinamtoroka, lakini anafuma. Akafuma, akafuma, akafuma. Sweta la manjano likatokea, pana huku, jembamba kule.

Akamvisha Chiriku tumboni, pale penye injini. Akafunga vifungo vyote.

"Umependeza wewe!" akasema Lugano.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa Bibi, anayekaa ng'ambo ya milima.

"Lugano, mke mwenzangu, hujambo?" Bibi humwita hivyo kwa utani.

"Sijambo, Bibi. Shikamoo. Umelala salama?"

"Marahaba. Kulala? Silali, mjukuu wangu. Kuku wangu waliugua, wakaisha wote. Nyumba imekuwa kimya, kimya, kimya. Kimya hiki kinaninyima usingizi."

Lugano akahuzunika. Bibi asiyelala!

Baba akaenda sokoni. Akarudi na boksi lenye matundu. Ndani ya boksi kulikuwa na kelele.

*Pii-pii-pii!*

"Vifaranga!" Lugano akaruka. "Ni wa Bibi?"

"Ni wa Bibi," akasema Baba. "Lakini bado ni wadogo sana. Hawawezi baridi. Lazima tuwafikishe kabla jua halijazama."

Baba akalifunga boksi nyuma ya kiti. Akamvalisha Lugano kofia ngumu. Kisha akainama ili amvue Chiriku sweta.

"Baba, usimvue! Atapata mafua!"

Baba akamtazama Lugano. Lugano akamtazama Baba kwa macho yale makubwa. Unayajua macho hayo, hata wewe unayo!

"Haya, haya," akasema Baba. "Abaki nalo."

Ai, Baba!

*Tiri-tiri-tiri! Twende, Chiriku, twende!*
*Panda mlima, shuka mlima, twende!*

Walipanda mlima wa kwanza. Tiri-tiri-tiri!

Walipanda mlima wa pili, tena kwenye matope. Tiri... tiri... tiri...

Walipofika kwenye mlima mkubwa kuliko yote, Chiriku akaanza kuhema. Tiri... ti... ti... puuuuh.

Chiriku akanyamaza. Chiriku, ambaye hanyamazi!

"Kachemka," akasema Baba. "Lugano, simama mbali. Usimguse, atakuunguza."

Baba akaangalia petroli. Petroli ipo. Akaangalia oili. Oili ipo. Akakuna kichwa.

Na sweta je? Sweta aliliona. Lakini huko kwao, ni nani aliyewahi kusikia sweta likimdhuru mtu?

Ukungu ukaanza kushuka. Baridi ikawauma masikio.

Pii-pii... pii...

Lugano akaweka sikio kwenye boksi. "Baba! Vifaranga wananyamaza! Wanasikia baridi!"

Lugano akaogopa. Aliogopa kweli kweli, mpaka machozi yakamtoka. Vifaranga wakifa njiani, Bibi atalalaje?

"Kunywa chai kwanza, mwanangu," akasema Baba. "Chiriku apoe kidogo, tutaondoka."

Baba akatoa ile chupa ya chai. Akammiminia Lugano. Mvuke ukapanda juu.

"Fuuu! Chai bado ni ya moto!" akasema Lugano. Akapuliza. Akaitazama chupa. Akalitazama sweta la chupa. Akamtazama Chiriku.

"Baba! Chupa imevaa sweta ili isipoe."

"Ndiyo."

"Na Chiriku amevaa sweta!"

Baba akaitazama chupa. Akamtazama Chiriku. Kisha akacheka mpaka kofia ikamteleza.

"Kumbe! Hapoi ng'o! Tumemfanya chupa ya chai!"

Baba akachukua kitambaa kinene, asiungue, akafungua vifungo. Moja, mbili, tatu! Sweta likatoka.

"Hao ndio wanaotaka sweta," akasema Lugano, akionyesha boksi.

Wakalivalisha boksi lile sweta la manjano. Wakayaacha matundu machache wazi, ili vifaranga wapate hewa. Lugano akaweka sikio tena.

Pii? Pii-pii?

"Wamesema asante!" akasema Lugano.

Sasa Chiriku. Lugano akachukua chupa ya maji. "Nimmwagie, Baba? Apoe upesi?"

"La, mwanangu! Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi, kinaweza kupasuka. Chiriku anapozwa na upepo. Tazama."

Lugano akatazama kwa mbali. Tumbo la Chiriku lina vibati vyembamba, vimepangwa safu safu. Upepo hupita katikati ya vibati hivyo.

Lakini leo upepo ungepita wapi? Tope lilikuwa limepenya mpaka chini ya sweta, likajaa kote!

Wakangoja. Lugano akakata jani la mgomba, akampepea Chiriku. Fwa, fwa, fwa. Alipopoa, Baba akachonga vijiti viwili.

Choko-choko-choko! Wakachokoa tope.
Choko-choko-choko! Tope likaanguka. Wakachokoa hadi vibati vyote vikaonekana.

Lugano alikuwa ameloa matope mpaka puani. Akanyoosha mikono ili ajikung'ute.

Fyuuu! Upepo ukaingia kwenye mkono wa sweta, ukateremka mpaka tumboni.

"Uwiii! Baridi!" Lugano akarukaruka. Halafu akaacha kuruka. "Baba! Mkono wa sweta una mdomo mpana. Upepo unaingia wote! Chiriku naye tumtengenezee mkono!"

"Mkono wa nini tena? Tumetoka kumvua sasa hivi!"

"Mkono mtupu, Baba. Wa kuingiza upepo!"

Baba akafikiri. Akapekua mfuko wake wa vifaa. Akatoa dumu dogo la mafuta, tupu, lililopasuka kitako.

Akalikata kwa kisu, kwacha kwacha. Likawa pana mbele na jembamba nyuma. Akalifunga kwenye chuma cha mbele kwa vipande vya mpira. Akahakikisha haligusi injini wala bomba la moshi.

Mdomo mpana ukatazama mbele. Mdomo mwembamba ukatazama tumbo la Chiriku.

"Haya, fundi," Baba akamwambia Lugano. "Panda tuone."

Baba akapiga kiki. Puh. Akapiga tena. Puh.

"Chiriku, tafadhali," akanong'ona Lugano. "Bibi hajalala."

Baba akapiga tena.

*Tiri-tiri-tiri! Twende, Chiriku, twende!*
*Panda mlima, shuka mlima, twende!*

Upepo ukaingia mdomoni mwa dumu. Fyuuu! Ukapita kwenye vibati. Fyuuu! Chiriku akaupanda ule mlima mkubwa akipiga gumzo njia nzima.

"Anapumua, Baba!" akapiga kelele Lugano. "Chiriku anapumua!"

Jua lilikuwa linazama walipofika. Bibi alikuwa mlangoni, amejifunga shuka.

"Karibu, mke mwenzangu! Mbona umepakwa matope kama kiazi?"

Lugano alikuwa analitazama boksi tu. "Fungua, Bibi. Fungua upesi."

Bibi akafungua.

*Pii-pii-pii-pii-pii!*

Wote wazima! Mmoja akampanda Bibi mkononi. Mwingine akamdonoa kidole. Wawili wakagombania uzi wa sweta.

Bibi akakaa chini palepale. Akacheka, akacheka, na machozi yakamtiririka.

"Nilidhani watakufa, Bibi," akasema Lugano.

"Wasikie hao! Hao wafe?" akasema Bibi, akamvuta kifuani pamoja na matope yake yote.

Wakawaweka vifaranga jikoni, karibu na moto. Wakala viazi na maharage. Lugano akaogeshwa, akaingia kitandani kwa Bibi.

Vifaranga hawakunyamaza hata kidogo.

Pii-pii-pii! Pii-pii-pii!

"Kelele gani hizi!" akalalamika Baba kutoka chumba cha pili. "Leo hakuna atakayelala!"

Lugano akageuka taratibu. "Bibi," akanong'ona, "wanakusumbua?"

Bibi hakujibu.

"Bibi?"

*Khoroooo... fyuuu. Khoroooo... fyuuu.*

Bibi alikuwa amelala fofofo.