Fundi wa Mngeta na Salamu za Jioni

Stendi ya Ifakara ilikuwa imejaa magunia ya mpunga na makelele ya wapiga debe siku Balbina alipomwona kijana amekumbatia kiboksi cha chuma kilichofungwa taulo.

"Kaka, mtoto wako halii?" alimtania.

Kijana aligeuka upesi. "Wewe ni Balbina, mtangazaji wa salamu za jioni! Sauti hiyo naipokea kila siku. Mimi Agapiti, fundi wa mnara wa redio kule Mngeta."

"Na hicho?"

"Kipunguza mawimbi. Matangazo yenu yakitufikia kwa nguvu kupita kiasi, sauti inakwaruza. Nikibonyeza hapa, nguvu inashuka hatua moja. Nabonyeza tena, mpaka isikike safi."

"Kwa hiyo mimi nina kelele?"

"Wewe sikupunguzi, dada. Ni mitambo tu."

Balbina alicheka hadi akashika kitenge chake cha zambarau kisidondoke.

Mapenzi yao yaliishi kwenye simu. Agapiti alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na kila Balbina alipotaja posa alijibu, "Nitakuja, mpenzi." Simu yake ikiisha chaji, walikuwa na mapatano: Balbina amtumie salamu hewani, maana fundi hakosi kusikiliza mtambo wake. Misimu ya mpunga ikapita. Balbina hakukasirika, alichoka, kama miguu inavyochoka kwa kusimama kutwa.

Ndipo mfanyabiashara wa mchele akatuma ujumbe wa posa. Simu ya Agapiti haikupatikana. Ijumaa jioni Balbina akasema hewani: "Salamu kwa fundi wa Mngeta. Nyumbani wanapokea posa Jumapili. Kama unanitaka, njoo kabla."

Hakuja. Hakupiga.

"Mama, waache waje," alisema Jumamosi, akajilaza na nguo za kazini.

Jumapili asubuhi, chai ikiwa jikoni, bodaboda ilisimama uani. Agapiti akashuka, shati lake jeupe limegeuka rangi ya barabara.

"Umefuata nini? Nimekuita bonde zima likisikia."

"Mngeta haikusikia. Ijumaa nilikuwa napima mtambo, nikashusha hatua zote. Nikaitwa shambani kwenye jenereta, nikasahau kuzipandisha. Kijiji kizima kilisikia mvumo mtupu. Jana jioni mama Scolastica, muuza vitumbua, karudi kutoka Kisawasawa, alikosikia salamu zako, akaniuliza, 'Kumbe mke humtaki?'"

"Nimechoka, Agapiti."

"Najua."

"Hujui. Hata kunitaka, unanitaka kwa kunong'ona. Mama na mjomba wamo humo ndani. Kaseme mwenyewe."

Agapiti alivua viatu. "Shikamooni. Nimekuja... kumwomba Balbina."

"Nani? Sisikii!" Mjomba aliweka kiganja sikioni.

Akarudia. Mjomba akatikisa kichwa.

Balbina, aliyekaa kizingitini miguu ameinyoosha, alisema bila kugeuka, "Pandisha, fundi."

"Namtaka Balbina! Nimechelewa, kosa ni langu, lakini namtaka awe mke wangu!"

Jirani aliyekuwa anaanika mpunga alisimama akatega sikio.

"Balbina, unasemaje?" mjomba aliuliza.

"Huyo amesikika, mjomba."

"Basi wale wageni wapigieni simu wasianze safari. Nitawaomba radhi mimi. Na huyu mpeni chai, ametoka mbali."

Balbina hakunyanyuka kizingitini.

"Kajimiminie," alimwambia Agapiti. "Na mimi uniletee. Sukari nyingi."