Njia ya Kwenda Namatungu

Masalu aliingia stendi ya Kahama saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakolea, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la Dorah, mkata tiketi. Hakuwa na begi wala haraka. Alikuwa na daftari la mtoto wa shule, kalamu, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala wiki tatu. Majirani zake wa Nyahanga waliomwona akipita siku hiyo walidhani kalewa.

"Nielekeze njia ya kwenda Namatungu," alisema.

"Namatungu ndiyo wapi?"

"Pwani ya kusini, mbele ya Rufiji. Kamji kadogo tu, basi halifiki."

Dorah alipenda sana kuulizwa njia, hata za mahali asipopajua. "Njia hazikosi, kaka. Basi la alfajiri mpaka Mbezi, unalala Dar, kesho yake unakwenda Mbagala kupanda magari ya Lindi. Au shuka Dodoma udake treni ya umeme, mgongo upumzike. Au uzunguke Tabora, Mbeya, Songea, Masasi, ndiyo uibukie baharini. Hiyo ya mwisho ni ya mwanaume aliyegombana na mkewe."

Masalu hakucheka. Mkewe, Mbuke, alikuwa ameshachukua watoto akaenda kwao Masumbwe.

"Msafiri ni nani?" Dorah aliuliza.

"Ndugu yangu."

"Ana mzigo?"

"Hana kitu."

Akaandika njia ya Mbezi, kituo kwa kituo, akashukuru na kuondoka. Kipande cha mwisho cha safari alikuwa ameshatajiwa na mama wa msafiri.

Huyo ndugu hakuwa wa damu. Aliitwa Mshamu Selemani, mtu wa Namatungu, na kwa miaka minne walichimba dhahabu pamoja kwenye duara moja huko karibu na Bulyanhulu. Duara ni shimo tu la kushuka kwa kamba, mmoja chini na wenzake juu. Siku ile zamu ya kushuka ilikuwa ya Masalu. Alikuwa hoi, kichwa kinamgonga, akamwomba Mshamu amshikie zamu. Mshamu alimtania kwamba anazeeka, akavaa tochi yake kichwani, akashuka. Kabla ya saa sita kifusi kikaporomoka. Walifukua siku tisa, ukuta ukazidi kumeguka, wakashindwa. Shimo likazungushiwa utepe.

Tangu hapo, kila Masalu alipojinyoosha kitandani, mchana au usiku, alisikia kamba. Ilikwaruza juu ya gogo polepole, mtu anavutwa kutoka chini, na kazi haiishi. Mbuke naye aliisikia. Ndiyo sababu aliondoka.

Kisha mama yake Mshamu, Bi Kudra, akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmempata?"

"Hatujampata, mama."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwishamaliza machozi. "Basi nenda pale shimoni umwelekeze njia. Aliyefia gizani hajui mlango uko wapi. Mtajie kila gari na kila kituo, usiruke. Na kila hatua umwite kwa jina lake na la baba yake. Mwanangu asibaki huko."

Masalu aliahidi. Alitaka kwa moyo wote Mshamu afike kwao, na tuseme ukweli, alitaka pia kulala.

Kutoka stendi alikwenda machimboni, akafika saa tisa alasiri. Boaz, aliyekuwa mvuta kamba wao, alikubali kumsindikiza, lakini akasimama mbali.

"Fanya haraka," Boaz alisema. "Hili ni duara la zamani. Kabla yetu sisi wameshabaki wengi humo."

Masalu akapita chini ya utepe, akachuchumaa ukingoni, akafungua daftari.

"Mshamu Selemani," aliita.

Mwili ukamsisimka. Wachimbaji hawaiti jina la mtu shimoni. Ni mwiko wa kazi, kwani ardhi ikishalijua jina lako itakutafuta siku nyingine. Huko chini kila mtu ni mwanetu. Kwa miaka minne hakuwahi kulitamka jina la mwenzake juu ya shimo, na sasa lilivyomtoka mara moja, ulimi ukakataa kulirudia. Alikuwa amechoka mno kushindana nao.

"Toka hapo, mwanetu. Panda gari dogo mpaka Kahama."

Upepo ukakata.

"Panda basi la alfajiri, mwanetu. Nzega. Singida. Dodoma. Shuka Mbezi."

Mchanga ukaanza kudondoka ndani. Kidogo kidogo.

"Nenda Mbagala. Gari la Lindi. Vuka daraja la Rufiji, mwanetu. Shuka njia panda yenye msikiti wa kijani. Panda bodaboda, pita mikorosho."

Kitu kilikuwa kinaparaza ukuta wa shimo. Kinapanda.

"Kwenye mikoko kuna mtumbwi. Vuka. Nyumba ya tatu. Mama yuko mlangoni."

Hewa ya baridi ikampita begani. Ikapita nyingine. Na nyingine.

"Mayu wane," Boaz alinong'ona kwa Kisukuma, akimwita mama yake. "Masalu, toka hapo."

Kwenye vumbi kavu palikuwa na nyayo mbichi, zikielekea barabarani. Hawakubaki kuzitazama.

Jioni hiyo Masalu alijitupa kitandani, akasikiliza. Hakuna kamba. Akalala usiku huo, na uliofuata, na wa tatu, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi ya siku ya nne simu ikaita. Ilikuwa Bi Kudra.

"Mama, amefika?"

"Wamefika," alinong'ona.

"Wangapi?"

"Saba. Wamekaa barazani tangu alfajiri, wana udongo mpaka kwenye kope. Nimewapa maji, hawanywi. Nimewatazama mmoja mmoja, Masalu, nikarudia tena. Mwanangu hayupo."

Masalu akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ulimwita kwa jina?"

"Mara moja. Kwingine kote nilisema mwanetu."

"Mara moja." Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. "Mshamu tangu mdogo, usipomtaja jina haondoki. Hawa wa watu nitakaa nao, niwaulize kwao ni wapi. Wewe nitafutie wangu."

Simu ikakatika. Masalu akaegemeza mkono nyuma yake, kwenye godoro, na mkono ukalowa.

Ulikuwa mwezi wa saba. Mvua haikuwapo.

Akageuka. Upande wa ukutani, anapolalaga Mbuke, blanketi lilikuwa limevutwa mpaka juu. Akalifunua. Udongo mwekundu. Mbichi. Una alama ya mgongo. Una alama ya visigino. Akaugusa.

Ulikuwa na joto.

Siku zote tatu hakuwa amelala peke yake. Mshamu alitoka shimoni akasubiri kuitwa, hakuitwa, akamfuata mtu pekee aliyemjua. Akajinyoosha pembeni yake, kwa kuwa naye alikuwa amechoka. Masalu akaogopa mpaka meno yakagongana, kisha akalia, na kilio hicho kilikuwa cha aibu zaidi kuliko cha woga. Alikuwa amemtuma mwenzake mahali pake mara ya kwanza, na mara ya pili akataka kumtuma aende peke yake.

"Mshamu Selemani," alisema. "Amka. Safari hii nakupeleka mwenyewe."

Chaga zikalia. Godoro likainuka taratibu, likatulia.

Saa nne alikuwa dirishani kwa Dorah.

"Ehe, wa Namatungu! Ndugu yako kaghairi?"

"Nipe viti viwili vya kesho. Vya pamoja."

"Majina?"

"Masalu Ng'wandu. Na Mshamu Selemani."

Dorah aliandika bila kuinua uso. Alipompa tiketi alichungulia chini, kwenye vigae alivyokuwa ametoka kuvipiga deki, akasonya.

"Kaka, mwambie mwenzako akanawe miguu. Hawezi kupanda basi la watu vile."

Masalu hakutazama chini wala hakugeuka.

"Mshamu Selemani," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Bomba liko kulia, nyuma ya choo. Twende."

Kwenye vigae, nyayo nyekundu zikakata kona kulia.