Hodi ya Tatu

Nyumba ya magurudumu, gari ambalo mume na mke walisafiri na kulala ndani yake, ilianza kuwa nzito siku ya nne ya safari. Mume alikuwa dereva wa malori kwa miaka ishirini na mitatu, hakuhitaji mizani. Uzito aliusikia kwenye gia. Katika kila mwinuko wa ile barabara ya majabali kando ya bahari, gari lilihema kana kwamba nyuma kuna abiria.

"Umepakia mawe, mke wangu?"

"Nimepakia sufuria mbili," alijibu mkewe, mshonaji asiyekosa jibu. "Mzito ni wewe."

Wakacheka. Hawakuwa wamecheka tangu kifo cha Chiriku, binti yao wa pekee, mwenye miaka saba na maneno ya bibi kizee, aliyechukuliwa na ugonjwa wa kifua mwaka uliopita. Mama na majirani ndio waliomzika. Baba mtu alikuwa mbali na shehena ya saruji, akafika udongo umeshakauka. Hakulia siku ile wala baadaye, na watu wakamsifu kwa kujikaza. Watu nao husifu mambo ya ajabu.

Mchana tairi lilipasuka. Fundi wa pancha, mama wa makamo mwenye kibanda kando ya barabara, alikuja na jeki yake, akaiweka chini bila kuitumia. Alikuwa akinusa mlango.

"Humu mko wangapi?"

"Wawili."

"Na dawa ya kifua ya watoto anakunywa nani?"

Mke akaanza kulia. Akaeleza kwamba jana jua likizama, mumewe alipokwenda kuteka maji, yeye alisikia hodi ya mtoto mlangoni.

"Nikaitikia karibu. Sikuona mtu. Lakini sauti ilikuwa yake, Baba Chiriku. Ningefanyaje?"

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Ila huyo si mwana. Ni jini la majabali haya, hufuata wafiwa. Ulipoliitikia ulilifungulia nusu ya mlango. Leo jua likizama litapiga hodi tatu. Mkinyamaza zote, litakwenda zake. Mmoja wenu akiitikia, litaingia na halitatoka tena." Akamgeukia mume. "Mzibe mdomo mkeo."

"Huyo niachie mimi," mume alisema.

Jua lilipogusa maji walikuwa wameketi kitandani, komeo limefungwa, kiganja cha mume kwenye mdomo wa mke. Harufu tamu ya dawa ya kifua ikaanza kupenya chini ya mlango.

"Hodi, mama."

Mke alishtuka mwili mzima. Machozi yakapita juu ya vidole vya mumewe.

"Hodi, mama. Nina kiu."

Mke alimng'ata mumewe kiganja mpaka damu ikatoka, akafumba macho, akatikisa kichwa, hapana, hapana, na hakutoa sauti. Alikuwa ameshinda, maskini, kwa gharama aijuayo yeye tu. Kisha walisikia vidole vidogo vikipapasa ukuta wa bati, taratibu, vikiuacha mlango, vikizunguka kona, vikija mpaka dirisha la upande wa mume, na hapo vikatulia.

"Hodi, baba. Nilikuita siku ile. Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Wakaniambia uko njiani."

Mume alijua kwamba ni jini. Alijua kabisa, na hilo ndilo linaloumiza katika habari hii. Mkono wake ukaanguka kutoka mdomoni mwa mkewe.

"Usijibu," mke alinong'ona, akimziba mdomo kwa mikono yake miwili. "Nakuomba, Baba Chiriku. Si yeye. Mimi nimeweza, na wewe weza."

Mume aliitoa mikono ile polepole, mmoja mmoja, bila hasira. Alikuwa akilia kwa kwikwi, kilio cha mwaka mzima.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Baba nimefika."