Mgomba Tuliouzika Itaka

Wateja wangu wakishajua kwamba nimewahi kufika pwani, hawaniachi. Mama Tabita, kuna nini cha kuona huko? Nauza vitenge hapa Tunduma, pembeni ya barabara ya mpakani, na malori yakishapanga foleni watu hawana pa kwenda. Wanakaa kwenye benchi langu na kuuliza. Nawajibu kwa ufupi. Kuna milango ya mbao iliyochongwa maua. Kuna gofu la msikiti wa zamani. Kuna kisima. Kuna soko la samaki, utamkuta pweza anapigwa chini kama nguo chafu. Na maji yakipwa, kuna fungu la mchanga katikati ya bahari. Unapelekwa kwa boti, unatembea juu yake, unapiga picha, unarudi. Wakiuliza ni mji gani, nasema nimesahau. Sijasahau. Nimechoka tu, na mji ule haukunikosea kitu. Aliyekosa ni mimi.

Kaka yangu Danieli anaishi Itaka, analima kahawa. Yeye na mkewe, wifi yangu Tusekile, walijaliwa mtoto mmoja tu, Ombeni. Alipofika miaka ishirini na miwili aliacha kahawa ya baba yake akaenda kule pwani kutembeza wageni. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu na kumweleza siku yake ilivyokwenda. Tumeanza milangoni, tukaenda gofuni, tukapita kisimani, tukaingia sokoni, tukamalizia kwenye fungu. "Mama, siku ukija nitakutembeza hivyo hivyo, na pweza nitakuonjesha." Tusekile alikuwa hajawahi kuona hata ziwa, lakini mji ule aliujua kama shamba lake.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, boti ikapinduka. Wenzake wote walipatikana. Ombeni hakupatikana.

Katika ukoo wetu mtu aliyepotelea majini haachwi hivi hivi. Unakatwa mgomba wa urefu wake, unavishwa nguo yake, unalazwa kwenye mkeka. Mama mzazi anauinamia na kuuaga kwa jina la mwanawe: nenda, sisi tumebaki. Ndipo unazikwa. Maneno yale ni ya mama. Hayasemwi na mwingine.

Tusekile alikataa kuyasema. Alikaa kwenye mkeka toka asubuhi mpaka saa nane, mdomo kaufunga. Kahawa ilikuwa imeiva, inadondoka chini, na kila aliyekuwa pale ana shamba linalomsubiri. Mimi nilikuwa na mzigo umekwama mpakani. Watu wakaanza kunong'ona. Jamani, nilichoka. Nikauinamia mgomba mimi shangazi, nikayasema yale maneno haraka haraka kama anayesoma tangazo, nikawaambia vijana inueni. Tukazika. Shati tulilouvisha lilikuwa la bluu, na kifungo cha pili kutoka juu nilikishona mwenyewe asubuhi ile kwa uzi wa kijani, maana wa bluu uliniishia. Uzi huo nitaurudia.

Kuanzia siku ile Tusekile akawa anapakua sahani tatu. Wao wako wawili.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, kikundi cha akina mama wa Itaka, ambacho nami nimo, kiliuza kahawa vizuri, tukasema na sisi tukaione bahari kabla hatujafa. Aliyetaja mji wa kwenda ni Tusekile, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Danieli akaniita nyuma ya jiko, kofia kaishika mkononi.

"Dada, siwezi kumkataza. Lakini yule akiyaona yale maji atayaingia. Nirudishie mke wangu."

Nikamwambia, nitamrudisha hata kwa kumbeba mgongoni. Mdomo wangu mwepesi, umeshaona.

Mwenyeji wetu kule alikuwa mama wa makamo, Bi Shani, mwenye kanga safi na maneno matamu. "Karibuni, mama zangu, poleni na safari." Miguu yetu ilikuwa imevimba kwa kukaa garini. Milango tuliiona, mizuri, tukaigusa. Tusekile alitangulia mbele ya Bi Shani. Kona kabla haijafika yeye ameshakata. Bi Shani akanitazama, nami nikatazama kando.

Kwenye gofu, mlinzi wa getini akatukaribisha akasema, "Mwenzenu ameshaingia."

"Mwenzetu yupi? Sisi ni akina mama watupu."

"Kijana wa shati la bluu. Kaloa chapachapa. Kasema mama yake yuko nyuma."

Nilikasirika. Nikasema moyoni, wajanja wa mjini hawa, wamesikia msiba wetu kutoka kwa dereva, sasa wanautafutia chai. Tukaingia. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua kali, sakafu ya mawe kavu kama kikaango. Katikati ya sakafu kulikuwa na nyayo za maji. Nyayo za mtu mmoja, peku. Zilikwenda mpaka kwenye ukuta wa mwisho, zikaishia hapo. Tusekile alivua viatu, akazifuata, akiweka mguu wake ndani ya kila unyayo. Hakulia. Alikuwa anatabasamu.

Kisimani Bi Shani alituambia tupite kimya, tukapita kimya. Kuta za kisima zilikuwa zimelowa upya.

Sokoni muuza pweza aliacha wateja wake akamfuata Tusekile moja kwa moja. Akampa kipande cha mguu kwenye karatasi. "Chukua, mama. Mwanao kapita sasa hivi. Kasema nikupe uonje, hujawahi." Tusekile akala pale pale, taratibu, mpaka akalamba vidole. Hakuna mtu mjini pale aliyejua kwamba Ombeni alimuahidi mama yake pweza. Nilijua mimi na Danieli.

Nikamshika mkono. "Wifi, turudi tukapumzike. Mimi nimechoka."

"Limebaki fungu."

"Nimechoka, Tusekile."

Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Na siku ile ulichoka."

Nikapanda boti.

Tulikwenda watatu, mimi, Tusekile na Bi Shani, pamoja na nahodha; wenzetu wengine waliogopa maji. Saa tano bahari ilikuwa imepwa, na fungu limelala katikati yake, jeupe, linaumiza macho. Hakuna mti. Hakuna mtu. Nahodha akatushusha, akasema tusikawie, ni bamvua, siku za maji makubwa, yakianza kujaa hayana subira. Upande wa pili wa fungu kulikuwa na kitu kimelala. Nikadhani ni mtumbwi uliovunjika. Tusekile alikuwa ameshaanza kukimbia.

Ulikuwa mgomba.

Urefu wa mtu. Umevishwa shati la bluu.

Nikajisemea, migomba iko mingi. Mashati ya bluu yako mengi. Nikasogea. Nikainama. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa na uzi wa kijani. Nikakishika, nione vizuri, na kikang'oka kikabaki kwenye ngumi yangu. Niliuona mgomba huu ukizikwa kwa macho yangu, Itaka, futi sita, udongo tukaushindilia kwa miguu. Kutoka Itaka mpaka baharini ni siku nzima ya basi.

Tusekile alikaa mchangani, akakipakata kile kichwa kisichokuwa kichwa. Akawa anakipangusa mchanga.

"Wifi," nikanong'ona. "Twende."

"Sikumuaga. Uliaga wewe. Ndiyo maana hakwenda."

Maji yakaanza kurudi. Hayakuja kwa kishindo. Yalijaza nyayo zetu kwanza. Halafu fungu likawa fupi. Halafu likawa jembamba. Nahodha alipiga kelele kutoka botini, Bi Shani akamjibu asubiri. Akachuchumaa mbele ya Tusekile, maji yako kwenye vifundo.

"Mama, muage mwanao. Mwingine hawezi. Usipomuaga hatakuacha uondoke, nasi pia hatuondoki."

Nilipiga magoti. Nilimwambia Tusekile nisamehe. Nililia kama mtoto, nikamwambia Danieli yuko peke yake nyumbani, nilimuahidi, nisamehe, sema yale maneno. Maji yalikuwa magotini. Tusekile akauinamia mgomba. Akasogeza mdomo karibu kabisa. Akaanza kunong'ona, kwa Kinyiha. Nilisikia sauti, maneno sikuyashika. Nilishukuru Mungu. Lakini kuaga ni maneno machache tu. Yeye alinong'ona kwa muda mrefu.

Alipomaliza akauachia. Maji yalikuwa yanaingia, yanasukuma kila kitu kuelekea mjini. Mgomba ukageuka, polepole, ukaelekea kule maji yanakotoka. Ukaenda. Hatukuusukuma.

Tukiwa botini nilimuuliza Tusekile amemuaga kwa maneno gani. Alikuwa anakamua gauni lake, mtulivu, kama ametoka kufua.

"Sikumuaga. Nimemwelekeza njia." Akahesabu kwa vidole. "Nimemwambia apite Chalinze, apite Iringa, Makambako, Mbeya. Ashuke Mlowo, ashike barabara ya Itaka. Nyumba tumeweka bati jekundu, asipotee. Yeye alinitembeza mji wake wote, wifi. Mimi nishindwe kumwonyesha kwao?"

Bi Shani alijifunika uso kwa kanga.

Nilimrudisha. Nataka hilo lijulikane. Danieli alitupokea barabarani, akamkuta mkewe mzima, anacheka, anauliza habari za kuku. Akanishika mikono yote miwili. Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu. Nikasema nitalala Itaka siku chache, miguu ipungue.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alipita Luhaga. Ni mfugaji wa kule Momba bondeni, huwapitisha ng'ombe wake kwetu kila kiangazi akienda mnadani, tunamjua. Ng'ombe wake hawajawahi kuingia shambani kwa mtu. Siku ile waliacha barabara wote pamoja. Wakakata katikati ya kahawa, wakavunja matawi, wakaenda mpaka nyuma, kwenye kaburi la mgomba. Wakaanza kulilamba.

Luhaga alipiga mluzi. Akachapa. Fimbo ikavunjika. Hawakuinua hata vichwa. Ndimi zao zilikuwa zinakwaruza udongo, unasikia.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa lugha yake, anahema, "mmemwaga chumvi hapa?"

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano. Shamba zima lilikuwa vumbi. Kaburi lilikuwa limelowa. Nikagusa udongo, nikapeleka kidole ulimini. Sikuhitaji mtu wa kuniambia, ladha ile niliibeba mdomoni kutoka kwenye fungu.

Dume moja jeupe likatoka kwenye kundi. Likashusha pua chini, likalamba. Hatua moja, likalamba tena. Hatua nyingine. Likavuka uwanja hivyo hivyo, linafuata kitu ambacho sisi hatukioni, mpaka kwenye mlango wa jikoni kwa Tusekile. Likalamba kizingiti.

Luhaga aliliangalia dume lake. Akaokota kipande cha fimbo yake, akasema, kwa adabu sana, "Mayu, mimi nitapitia njia nyingine mwaka huu." Hajapita tena.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Danieli alikuwa mezani, anakula, macho kayashusha kwenye ugali wake, hayainui. Tusekile alisimama na mwiko mkononi, uso wake mzuri, umenawiri, sijawahi kumwona vile tangu alipoolewa.

"Wifi, ingia ule. Na yeye amekuulizia."

Kulikuwa na sahani tatu. Ya tatu ilikuwa imeliwa ikaisha, na kiti kilikuwa kinachuruzika maji.

Sikuingia. Nilichukua begi langu, nikatembea mpaka Mlowo kwa miguu hii unayoiona. Danieli alinipigia simu mara moja tu baada ya hapo. Alinong'ona, kama mtu aliyejifungia chooni. "Dada, yale maneno ya siku ile. Nifundishe, niyaseme mimi." Nikamwambia ni ya mama mzazi, kaka. "Mama mtu hataki," akasema. Halafu akaniambia, "Anauliza kwenu Tunduma anafikaje." Simu ikakatika. Sasa nikipiga haipatikani.

Kile kifungo ninacho. Nilikikuta kwenye pindo la kitenge changu niliporudi, nikaogopa kukitupa. Nimekiweka kwenye kopo la bati, chini ya meza ya biashara. Kila asubuhi kopo lina maji. Nayamwaga mtaroni, naanika kopo juani, nakirudisha. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kabla sijatandaza vitenge, na nimeshaizoea.

Juzi nililala na homa, sikufungua. Jana asubuhi nimekuja, nimewakuta mbuzi wa jirani yangu Ferista, watano, wamesimama mbele ya kibanda changu. Walikuwa wanalamba mlango.