Udongo wa Matanga

Kila asubuhi kabla ya shule, Roslin alilisha nguruwe viazi vitamu vidogo. Mama yake, Dama, alimnyonyesha kitinda mimba wake, Bomai, akamlaza ndani ya bilumu, mfuko wa kufumwa kwa kamba, akautundika kwenye tawi la mvinje pembezoni mwa shamba. Akina mama wote wa Simbu, mkoa wa milimani huko Papua New Guinea, hufanya hivyo. Mtoto hubembelezwa na upepo, mama hulima.

Siku moja Dama alikuwa na haraka, akachagua tawi la chini. Alipoinama kuchimba viazi, nguruwe jike aliuvunja ua uliooza, akasikia harufu ya maziwa, akauvuta mfuko hadi chini, akamng'ata Bomai mkono.

"Mama! Bomai!" Roslin alipiga kelele.

Dama aliruka na jembe. Alimpiga nguruwe puani, akampiga tena na tena, naye hakuachia mpaka taya lilipovunjika. Mkono wa mtoto ulikuwa umechanika toka kiwiko hadi kiganja.

Zahanatini, Sista Margareti, muuguzi, aliushona mkono ule. "Utapona," alisema. "Lakini mtoto amepoteza damu nyingi. Asiponyonya leo, tutampoteza. Haya, mshike."

Dama alirudi nyuma. "Mikono hii ndiyo iliyomtundika chini. Nikimgusa tena nitammaliza!" Akatoka mbio.

Roslin alimkuta mtoni. Alikuwa amejipaka udongo wa kijivu toka utosini hadi nyayoni, udongo ambao wanawake wa kwao hujipaka wanapofiwa.

"Mama, Bomai hajafa! Anakutaka!"

Dama alitikisa kichwa tu. Wanawake waliokuwa wakipita waliuona ule udongo, wakapiga mayowe ya msiba. Kufumba na kufumbua, habari ikafika kwa ukoo wa baba. Shangazi Elisa, dada yake baba, akaja na fimbo.

"Muuaji! Tumekupa mtoto, wewe umempa nguruwe!" alifoka, akimchapa kichwani na mgongoni.

"Piga, wifi," alisema Dama. "Piga mpaka uchoke."

Kaka zake Dama wakavuka mto na mashoka kumtetea dada yao. Baba wadogo wa Roslin nao wakashika yao. Mawe yakaruka. Mjomba Kaupa alipigwa kwenye paji la uso akaanguka, na damu yake ikawatia wengine wazimu. Watu wazima wote hao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto yuko wapi!

Roslin alikimbia zahanatini, akamnyakua Bomai kitandani, akarudi na kupenya katikati ya mawe. Jiwe moja lilimpiga begani. Hakusimama.

"Mtazameni! Yu hai! Ana njaa!"

Bomai akalia, kilio chembamba cha mtoto aliyechoka. Shoka moja likashushwa, kisha mengine. Shangazi Elisa aliitupa fimbo kama imemuunguza.

Sista Margareti alifika akihema, akamtazama Dama. "Dama, unamvalia matanga mtoto anayelia?"

"Naogopa, Sista. Ni kosa langu."

"Ndiyo, tawi lilikuwa la chini. Umekosea. Ogopa basi, lakini mshike huku ukiogopa."

Shangazi Elisa alichota maji kwa viganja, akamwosha wifi yake kifua na mikono. Machozi yalikuwa yakimtoka. Roslin akamweka mtoto mapajani. Dama akamshika. Bomai alihangaika, akalipata titi, akanyonya. Dama akalia kwa sauti, na hakuna aliyemzuia.

Kesho yake wajomba na baba wadogo walijenga ua mpya pamoja, Mjomba Kaupa akiwa na bendeji kichwani. Dama alitundika mfuko kwenye tawi la juu, akalima kidogo, akarudi kutazama, akalima tena, akarudi.

"Mama ataogopa hivi mpaka lini?" Roslin alimuuliza Sista Margareti, aliyekuja kukagua kidonda.

"Pengine siku nyingi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini sikiliza, mwanangu: ukikosea, kubali kosa, kisha mhudumie uliyemuumiza. Mama yako alipojiadhibu mtoni, nani alishiba?"

Roslin alimtazama Bomai akilala ndani ya mfuko, tumbo limejaa.

"Hakuna," alijibu, akaenda kulisha nguruwe.