Filimbi ya Mtu wa Mwisho

Ndugu zangu, nawaeleza habari ya nyumba mbili za Temeke zilizokuwa na ua mmoja. Mkiniona nakasirika katikati ya maneno mnivumilie, maana mambo haya yaliwapata watu wema, na hilo ndilo linaloniudhi.

Mwaka huo wa 1953 nyumba ya mbele alikaa Nassibu, Mzaramo, pamoja na mkewe Mwanaheri na mtoto wao wa pekee, Hija. Nyumba ya nyuma alikaa Leodegar, Mnyamwezi aliyeteremka pwani kutafuta kazi, pamoja na mwanawe Polikarpo. Baba wote wawili walikuwa makuli bandarini, wakitoka pamoja alfajiri kwenda Kurasini na kurudi pamoja jioni. Na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, ua ule haukukosa kicheko. Leodegar akimkuta Nassibu anakula, humnyang'anya sahani akaimaliza mbele ya macho yake. Nassibu naye akiliona koti la Leodegar kwenye kamba hulivaa akaenda nalo msikitini. Siku nyingine Leodegar aliingia uani akilia kwa sauti kubwa kwamba Nassibu amekufa, na Nassibu yupo pale pale ananyoa ndevu. Majirani walicheka hadi machozi.

Sheria ya mchezo wanaijua wote. Ukiporwa na mtani hununi, wala hushitaki. Ukikitaka chako unakikomboa kwa sharti atakalolitaja yeye, na ukilikataa sharti, basi umekiacha. Hija na Polikarpo, wote wa miaka kumi na sita, waliinyonya sheria hiyo pamoja na maziwa. Kila walipoporana daftari au kofia, baba zao walipiga makofi. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna vitu haviporwi, kwa sababu hata wakubwa wenyewe hawakuwahi kukaa wakaliwaza jambo hilo.

Ilipofika likizo ya Juni, Mwalimu Gaspar alichukua vijana wanane wa shule yao kwenda milima ya Uluguru kwa siku sita. Wangelala kwenye mahema, wajipikie, wapande hadi mgongo wa mlima waione nchi kutoka juu. Mwanaheri aliikunja sweta ya mwanawe, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe alimwita Polikarpo akamwambia, "Mwanangu, huyu hana ndugu mwingine zaidi yako. Mtazame." Polikarpo akaitikia, tena kwa moyo wote. Nataka mlikumbuke hilo, msije mkadhani nawasimulia habari za mtoto mbaya.

Siku mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Walioga mtoni, maji ya baridi hata meno yakagongana, wakaunguza ugali, wakaula hivyo hivyo. Siku ya tatu, kabla ya kupanda, mwalimu aliwapanga mstari. Mwenyeji mmoja wa kijiji cha chini alitangulia kuonyesha njia. Nyuma kabisa mwalimu alimweka Hija, kwa kuwa alikuwa mtulivu asiye na papara, akamkabidhi filimbi ya shaba. Aliwaeleza wote kwamba ukungu wa kule hushuka bila kubisha hodi, na mtu wa mwisho akibaki nyuma hakuna wa kumwona. Akiipuliza mara mbili, mstari mzima usimame hapo hapo.

Walipopumzika karibu na kilele kula mihogo ya kuchemsha, mwalimu alikuwa mbele akizungumza na mwenyeji. Polikarpo akapitisha mkono, akaichomoa filimbi kwenye mfuko wa shati la Hija, akaitia mfukoni mwa kaptula yake. Akatangaza sharti: Hija asimame mbele ya wenzake aseme, "Polikarpo ni bwana wangu," ndipo arudishiwe.

"Thubutu," alisema Hija huku anacheka. "Kaa nayo."

Wenzao wakacheka pia. Hija hakwenda kwa mwalimu. Angekwendaje? Mzaramo anayemshitaki mtani wake angezomewa kuanzia pale mlimani mpaka Temeke. Polikarpo naye alikuwa na nia ya kumrudishia wakifika chini, baada ya kumchezea kidogo.

Walianza kuteremka alasiri. Polikarpo alikuwa wa pili kutoka mwisho. Alimsikia Hija akisema nyuma yake kwamba anafunga kamba ya kiatu, naye akajibu bila kugeuka kwamba Wazaramo hata viatu hawavijui. Dakika chache baadaye ukungu uliwaangukia. Mtu aliuona mkono wake, lakini hakumwona mwenzake wa mbele. Walishikana mabegi wakaenda hivyo mpaka penye njia panda, karibu na kijito, na hapo mwalimu akawahesabu. Walikuwa saba.

Mwalimu Gaspar hakubabaika. "Hija anayo filimbi," alisema. "Nyamazeni kabisa. Tusikilize."

Wakanyamaza. Vijana sita na watu wazima wawili wamesimama kwenye ukungu, wametega masikio, na filimbi wanayoingoja imo mfukoni mwa kijana wa saba, imemgusa paja; wenzake walidhani amekwisha kuirudisha. Polikarpo aliisikia baridi ya ile shaba kupita kwenye kitambaa. Alijiambia Hija atatokea sasa hivi, akicheka, na jambo litaisha bila mtu kujua. Aliogopa kupigwa. Aliogopa zaidi kurudishwa nyumbani peke yake, amkute Mwanaheri mlangoni. Mwalimu aliita jina la Hija, akanyamaza, akaita tena. Kijito kilikuwa kinapiga kelele, na zaidi ya hicho hakikusikika kitu.

Ndipo mwalimu alipokata shauri. Alisema kama kijana angekuwa upande huu, filimbi ingesikika hata juu ya kelele za maji. Kwa hiyo hayupo upande huu. Atakuwa ameshika njia nyingine akashukia bonde la pili. Mwenyeji alitikisa kichwa, akasema kule chini ya kijito kuna mtelemko mbaya, afadhali watazame hapo kwanza. Mwalimu akamjibu kwamba filimbi ingelia.

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipotakiwa neno moja tu. Polikarpo alifungua mdomo. Mwenzake mmoja akamtazama, naye akaufunga. Wakageuka wote wakalifuata bonde la pili, na kila hatua aliyopiga iliwatenga zaidi na Hija. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

Walitafuta mpaka mwanga ukaisha. Sauti ya mwalimu ilikuwa imekwisha kwa kuita. Aliketi kwenye jiwe akasema polepole, kama mtu anayejisemea, kwamba hajui atamwambia nini mama yake Hija. Polikarpo akamwendea. Aliitoa filimbi akaiweka kwenye kiganja cha mwalimu.

Mwalimu aliitazama. "Tangu lini?"

"Tangu tulipokula mihogo. Ulikuwa utani, mwalimu."

Hakumpiga. Nadhani angempiga ingekuwa nafuu. Aliinuka, akamrudishia filimbi mkononi, akamwambia mwenyeji wawahi ule mtelemko wa kijito. Lakini mvua ilikuwa imeanza, mwamba unateleza, na wanaume wa kijiji waliokuja na mienge walilazimika kungoja papambazuke.

Walimwona asubuhi, hatua arobaini chini ya pale pale waliposimama kusikiliza. Alikuwa amevunjika mguu, nusu ya mwili imo majini, na sauti hana. Baadaye alieleza kwa kunong'ona kwamba aliikosa njia kwenye ukungu akateleza mtelemkoni, na kwamba alimsikia mwalimu akiita. Aliitikia kila mara mpaka koo likamkauka, lakini maji yaliimeza sauti yake. Kisha akawasikia wanaondoka.

Walimbeba kwa machela hadi chini, wakampakia treni kurudi pwani. Mguu uliungwa vizuri hospitali, lakini baridi ile ilikuwa imekwisha kumwingia mapafuni, na homa haikukubali kushuka. Mwanaheri alikaa kando ya kitanda kuanzia siku ya kwanza. Siku ya saba Polikarpo alipewa ruhusa ya kuingia. Alimwamkia Mwanaheri shikamoo, akaitikiwa kwa sauti ndogo, kisha akaiweka filimbi kwenye shuka, akamwambia Hija kwamba anamrudishia bure, bila sharti lolote.

Hija alitabasamu. Alivuta pumzi mara tatu ndipo akapata maneno. "Mtani harudishi bure," alisema. "Kaa nayo. Sijaikomboa."

Akaisukuma kwa vidole. Mwanaheri aliuliza sharti lenyewe lilikuwa nini, na Hija akamweleza, akijitahidi kucheka kati ya kikohozi na kikohozi. Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, alifariki.

Kwetu, mtani ana kazi msibani. Ndiye anayelala mbele ya jeneza kuzuia njia, ndiye anayemwiga marehemu, anayedai akombolewe ndipo maiti ipite, mpaka wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Siku ya kumzika Hija uani palijaa watu wa Temeke na makuli wenzao wa bandarini, na wote walikuwa wakimngoja Leodegar. Leodegar alisimama ukutani, mikono imening'inia.

"Mtani," Nassibu alimwita. "Mbona umesimama? Njoo ufanye kazi yako."

Leodegar akasogea hatua mbili, akaketi chini akalia. Hakulia kile kilio chake cha kuigiza ambacho ua mzima ulikizoea. Na Nassibu, ambaye mpaka wakati huo hakuwa ametoa chozi, aliketi karibu naye. Alisema, na watu walisikia, "Tuliwafundisha mchezo sie wawili. Pa kuuachia hatukuwaonyesha."

Waliobeba jeneza hawakujua waende au wangoje. Ndipo Mwanaheri alipotoka kwa wanawake, kanga imemwanguka mabegani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Polikarpo, aliyekuwa amejibana nyuma ya mlango wa nyumba yao. Watu walidhani anakwenda kumpiga, na mjomba wa Hija akanyoosha mkono kumzuia. Mwanaheri akapiga magoti mchangani, mbele ya kijana wa miaka kumi na sita, mbele ya watu wote.

"Polikarpo ni bwana wangu," alisema. "Naikomboa filimbi ya mwanangu."

Kijana aliitoa mfukoni akamnyooshea. Mwanaheri aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa kanga, akasimama. Kisha akawaambia wanaume wachukue jeneza, njia iko wazi.

Funzo

Sikusimulia haya ili tuuache utani. Utani ulizilisha nyumba zile mbili kicheko cha miaka mingi, na wageni wengi walipata ndugu pwani kwa njia hiyo. Nasema na nyie mnaokaa barazani mkipiga makofi watoto wanapoporana. Mweleze mtoto, kwa maneno yanayosikika, kwamba dawa ya mtu haiporwi, wala taa yake, wala chombo alichopewa cha kulinda roho yake au roho za wenzake. Mweleze pia kwamba kumwambia mkubwa si kununa, na kwamba akikosea aseme saa ile ile, hata kama atapigwa. Polikarpo alisema, lakini alisema jua lilipokwisha kuzama.

Na kama una mtoto nyumbani, usingoje likizo ijayo. Mwite leo, kabla ya chakula cha jioni, umwambie.