Kwa Hiari Yangu Mwenyewe

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, binti aliyeitwa Kasuku na wenzake kwa jinsi alivyozimudu lugha za watu alifika ofisi ya ufadhili kuchukua tiketi yake ya ndege. Alitoka bila tiketi, ameshika barua tu waliyompa pamoja na bahasha yake, akaenda moja kwa moja polisi.

"Wanasema nimeikataa nafasi," alimwambia Inspekta. "Kwa barua hii! Afande, sijaandika barua yoyote. Ni mwaka mmoja tu wa masomo, wanagharamia kila kitu. Nimeuhangaikia tangu nianze chuo."

Inspekta, mama wa makamo aliyezoea kesi za kughushi, aliisogeza barua kwenye mwanga. Ilikuwa imepigwa chapa: *Naikataa nafasi ya shahada ya uzamili katika siasa, utamaduni na fasihi ya Ulaya, kwa hiari yangu mwenyewe na bila kushurutishwa na mtu yeyote. Sitaweza kukaa miaka miwili mbali na nyumbani.* Chini palikuwa na sahihi. Muhuri wa posta kwenye bahasha ulikuwa wa tarehe nane, posta ya hapo hapo mjini.

"Sahihi yako?"

"Imefanana nayo kama shilingi kwa ya pili. Lakini si yangu."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na baba. Alikuwa karani wa mahakama, sasa amestaafu. Mama aliondoka nikiwa na miaka sita."

Saa tano Inspekta alikuwa chumbani kwa rafiki wa Kasuku, aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya ufadhili.

"Nafasi imekuangukia wewe."

"Imeniangukia kama dari, Afande!" Macho yalimjaa machozi. "Mwaka mmoja wa Ulaya, na nauanza kwa kuitwa mwizi?" Akatoa karatasi ya hospitali ya mji mwingine: alilazwa tangu tarehe tano hadi kumi.

Saa saba ikawa zamu ya mhadhiri wa Kasuku, ambaye watu walisema hakutaka binti yule aondoke.

"Sikatai, nilimtaka awe msaidizi wangu," alisema. "Lakini mwaka mmoja si milele. Barua ya kumpendekeza niliiandika mimi. Asubuhi hii nimewapigia simu nikiwasihi, wakasema nafasi imeshajazwa."

Inspekta akarudi kwenye gari, akaisoma tena barua. Kila aliyezungumza naye alitaja mwaka mmoja. Nani basi aliyeandika miwili? Na ni kijana gani wa siku hizi anayeandika *bila kushurutishwa na mtu yeyote*? Maneno hayo alikuwa ameyasoma kwenye hati za viapo mara zisizo na idadi. Mara chache katika kazi yake alikuwa ameomba awe amekosea.

Saa kumi jioni yeye na Kasuku walimkuta mzee nyumbani, akipiga pasi blauzi ya bintiye. Aliwakaribisha, akaendelea kunyoosha kola.

"Mzee wangu," Inspekta aliuliza taratibu, "masomo ya binti yangechukua muda gani?"

"Miaka miwili."

"Baba, ni mwaka mmoja," Kasuku alisema. "Nimekuambia mara ngapi?"

Pasi ikasimama. Kasuku alimtazama Inspekta, kisha barua iliyokuwa mkononi mwake, kisha baba yake.

"Mama yako alikwenda kwa miaka miwili," mzee alisema hatimaye. "Kusoma, huko huko. Nilimsindikiza mwenyewe nikicheka. Mwaka wa tatu akaandika kwamba ameongeza muda. Baadaye hakuandika tena."

"Uliniambia mligombana!"

"Hatukugombana hata siku moja. Ningekuambiaje kwamba mtu anaweza kuondoka bila ugomvi?"

"Na sahihi yangu?"

"Mkono wako niliushika mimi ukijifunza kuandika. Nilidhani utaona wamekuacha tu. Uwalaumu wao, tubaki sisi wawili."

Kasuku alivuta pumzi ndefu. "Ungeniomba nibaki, baba, ningebaki."

"Najua. Nilishindwa kuomba."

Inspekta akaeleza kwamba kughushi ni kosa, na kwamba bila ushahidi wa binti kesi haitafika mbali. Kasuku akatikisa kichwa: hatampeleka baba yake mahakamani. Kuhusu ufadhili, ofisi ilikuwa imekwisha kusema: aombe upya mwakani, apange foleni na wengine. Kisha Kasuku akaingia chumbani, akatoka na begi moja. Blauzi aliiacha mezani.

Nyuma yao mzee aliita, si Kasuku, bali jina alilompa alipozaliwa. Binti alisita kidogo, akaendelea hadi barabarani.

"Utalala wapi, mwanangu?" Inspekta aliuliza.

"Kwa rafiki yangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Anasafiri Alhamisi, na hajui hata kufunga mizigo."